Mbegu Alizozikana Angwenyi

Jumapili ile wageni walipotarajiwa, Nyanchera alitoka nje mapema, leso mabegani, akaenda kuyatazama maua yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, naye aliogopa kuyakuta yamelala chini. Hayakuwa yamelala. Popi zilikuwa zimesimama pande zote mbili za njia iendayo mlangoni, nyekundu, za waridi, na chache nyeupe zenye ukingo mwekundu, petali zimekunjamana kama kitambaa kilichotolewa sandukuni bila kupigwa pasi. Vitumba ambavyo havijafunguka vilikuwa vimeinamisha vichwa, na kila kimoja kilibeba tone la maji.

"Kesho haya hayatakuwepo," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa mama yake, Bathsheba, na ndoo ya maziwa mkononi. "Ua gani hili la siku mbili? Ungepanda mboga, chinsaga, tungekula."

"Haya yakianguka mengine hufunguka, mama."

"Haya basi. Leo wakwe waone kwamba binti yangu anajua kulima visivyoliwa."

Lakini alikuwa akitabasamu, na Nyanchera akajua kwamba hata mama yake alikuwa ameanza kuyapenda.

Ulikuwa mwaka wa 1968. Nyanchera alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa barazani mwa duka moja pale sokoni Birongo. Baba yake, Mzee Obadiah Machogu, alikuwa na migomba na majani chai mlimani, na pia alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mtu ambaye jirani walimwita kila walipogombana ili awapatanishe. Nyumba yake haikuwa na aibu, na alikusudia isiwe nayo.

Angwenyi alikuja barazani pale mara ya kwanza na suruali iliyoraruliwa na mnyororo wa baiskeli. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini Kisii, kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo lililomo moyoni. Suruali ilishonwa. Wiki iliyofuata akaja na shati ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Hili lina nini?" Nyanchera aliuliza akiligeuza.

Angwenyi alikohoa. "Kifungo kimelegea."

"Kipi?"

"Chochote utakachoona wewe."

Alicheka mpaka wanawake waliouza ndizi wakageuka kuwatazama. Toka siku ile kila aliposikia kengele ya baiskeli mkono wake ulisimama juu ya kitambaa.

Mbegu alimletea yeye. Paketi ndogo ya karatasi yenye picha ya maua mekundu, aliyoinunua kwa mwenye duka mjini. "Nimekuletea," alisema. "Nilipoona picha hii nilikukumbuka." Nyanchera alimwaga chache kiganjani, akashangaa. Zilikuwa ndogo kama ugoro.

"Hizi zinaota kweli?"

"Mwenye duka ameapa."

Mara ya kwanza hazikuota. Alizifukia kama anavyofukia maharagwe, akasubiri, akapata magugu tu. Alipomwambia Angwenyi, kijana alikwenda kumwuliza mtu anayejua bustani, akarudi anacheka.

"Umezizika, Nyanchera. Hizi hazitaki kufunikwa. Changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo uliolainishwa, kisha ubonyeze kwa ubao. Basi."

"Na mvua yetu ya mawe?"

"Hilo sikuuliza."

Hilo alilitafutia dawa mwenyewe. Alisimika vijiti, akatandaza majani ya mgomba juu yake kila wingu jeusi lilipoonekana upande wa milima, na kuyaondoa jua lilipotoka. Miche ikaota, myembamba kama uzi, imesongamana. Alijaribu kuihamisha mingine kama anavyohamisha miche ya kabichi, ikanyauka yote, kwani popi haipendi mzizi wake uguswe. Ikabidi apunguze. Aling'oa mmoja akaacha mmoja, na jioni hiyo akamwambia Angwenyi kwamba mkono ulikuwa mzito.

"Una huruma sana," Angwenyi alisema, akimtazama kwa namna iliyomfanya ainamishe uso. "Mtu atakayepata nyumba yenye wewe ndani hatakosa kitu."

Nyumbani, hata hivyo, palikuwa na ugumu. Angwenyi alitoka upande wa Kenyenya, na kwao walikuwa Wakatoliki. "Siku ya Bwana yao ni Jumapili, yetu ni Jumamosi," Mzee Machogu alimwambia binti yake. "Mtalima lini? Na watoto mtawapeleka wapi?" Miezi ilipita akisema hivyo. Ni mshenga, yule tunayemwita esigani, aliyekwenda na kurudi, akauliza habari za ukoo huu na ule, akaleta majibu mazuri, mpaka mzee akalegea. Akakubali wazee wa upande wa kijana waje wazungumze habari za ng'ombe. Wangekuja Jumapili, baada ya misa yao.

Walifika jua likiwa kali. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Mogire, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Angwenyi, mzee mwenye kofia ya manyoya na fimbo. Angwenyi alikuja nyuma yao, koti jeusi limefungwa vifungo vyote. Alipopita katikati ya popi alipunguza mwendo, akamtafuta Nyanchera kwa macho, akampata dirishani. Hakutabasamu, kwani wazee walikuwapo, lakini uso wake wote ulikuwa tabasamu.

"Bwakire," Mzee Mogire alisalimu mlangoni. "Mzee Machogu, nyumba yako imepambwa kama madhabahu. Nani amepanda maua haya?"

"Huyo huyo mnayemtafuta," alijibu Mzee Machogu, na wote wakacheka.

Waliletewa uji wa wimbi na ndizi. Nyanchera alimimina akiwa amepiga magoti. Mazungumzo yakaanza vizuri. Yangemalizika vizuri pia, kama si baba mdogo wa Nyanchera, Mogaka, kuingia.

Mogaka alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, na tangu arudi alipenda watu wakumbuke hivyo. Alikuwa ametoka Nyamira asubuhi, kwa hiyo alikuwa bado hajayaona maua yakiwa yamefunguka. Aliingia ameshika tunda bichi la popi, lile tumba la mviringo linalobaki petali zikishaanguka. Hakusalimu mtu.

"Kaka, nani amepanda kitu hiki mlangoni pako?"

"Ni maua ya Nyanchera. Keti, tuna wageni."

"Maua!" Mogaka alilipasua tunda kwa ukucha, akalinyanyua juu. Maziwa meupe yakatoka. "Mnaona maziwa haya? Mimi nimeyasikia bandarini. Hii ndiyo inayotengenezwa afyuni. Watu hufungwa kwa ajili ya kitu hiki! Mzee wa kanisa anapanda afyuni mlangoni pake!"

Mzee Mogire aliweka kikombe chake chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa kina sumu. Bathsheba alishika mdomo.

"Nyanchera," baba yake aliita, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mbegu hizi ulizipata wapi?"

Nyanchera alimtazama Angwenyi. Hakumtazama kwa kumshtaki. Alimtazama kama mtu anayempisha mwenzake aingie kwanza. Alitarajia akohoe kidogo, kisha aseme: ni mimi niliyemletea, mzee, nami nilizinunua dukani hadharani. Neno hilo tu.

Angwenyi alikuwa ameukodolea macho udongo wa sakafu. Ajira yake ilikuwa bado changa. Alimwona mkubwa wake wa kazi akisoma jina lake pamoja na neno afyuni, akawaona mama yake na wadogo zake wanaomtegemea. Yote hayo yalipita kichwani mwake kwa kasi, na Nyanchera hakuwamo.

Mzee Mogire alimgeukia. "Angwenyi, wewe uko ofisini, unajua mambo. Unayajua maua haya?"

"Hapana, baba," Angwenyi alisema. "Ndiyo kwanza nayaona leo."

Nyanchera alihisi kitu kikishuka ndani yake, polepole, kama ndoo inayoachiliwa kisimani. Akamgeukia baba yake.

"Nilinunua mwenyewe mjini, baba. Sikujua."

Wageni waliaga bila kumaliza uji. Mzee Mogire alisema kwa adabu kwamba watarudi mambo yakiwa wazi. Angwenyi alipita tena katikati ya maua, safari hii haraka, bila kutazama dirishani.

Mzee Machogu alichukua jembe. Nyanchera akamshika mkono.

"Niachie, baba. Nilipanda mimi."

Akayang'oa yote, moja moja, mvua ya alasiri ikianza kumlowesha. Mama yake alisimama mlangoni akitaka kumwita, asimwite.

Wiki nzima Nyanchera hakwenda barazani. Angwenyi naye hakulala. Jumatatu, kabla ya kufungua jalada lolote, alikwenda kwa bwana shamba mmoja aliyeitwa Nyasani, akamwelezea ua lile, petali, shina lenye nywele, tunda na maziwa. Nyasani alicheka.

"Hizo ni popi za bustani tu, ndugu yangu. Za afyuni ni ndugu yake, lakini si yeye. Majani yake ni mapana, laini, hayana nywele. Kuna mimea mingapi yenye maziwa? Hata mpapai unayo. Nani amewatisha?"

Angwenyi alitoka pale miguu imekuwa myepesi. Alidhani amepata ufunguo. Jumapili ikafika, akapanda baiskeli peke yake mpaka Birongo, akamkuta Mzee Machogu ameketi nje, mbele ya ardhi tupu.

"Mzee, shikamoo. Nimeleta habari njema. Nimemwuliza bwana shamba. Maua yale hayana ubaya wowote. Si afyuni. Ni popi za kawaida, zinauzwa dukani na mtu yeyote anaweza kupanda."

Mzee Machogu alimtazama usoni. "Marahaba. Nashukuru. Ila niambie kitu kimoja, kijana wangu. Ulimwelezaje bwana shamba ua ambalo ulikuwa umeliona mara moja, ukipita?"

Angwenyi alikohoa.

"Na umejuaje kwamba zinauzwa dukani?"

"Ni mimi niliyezinunua, mzee," Angwenyi alisema hatimaye. "Nilimletea Nyanchera. Niliogopa."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alinyanyuka kwa kushika goti. "Mimi nilikuwa naogopa Ukatoliki wako," alisema. "Nilikuwa naogopa kitu kisichostahili kuogopwa. Kaa hapo. Nitamwita. Hayo mengine si yangu."

Nyanchera alitoka na leso ileile. Alikuwa amekonda usoni. Hakuketi.

"Nimesikia," alisema. "Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Nyanchera, nisamehe. Nilipotea. Nilifikiria kazi, nikamfikiria mama..."

"Nataka kukuuliza, Angwenyi. Siku ile, uliamini ni afyuni au hukuamini?"

"Sikujua. Kweli sikujua."

"Kama uliamini, uliniacha peke yangu na kitu cha kunifunga. Ungeniacha nipelekwe. Kama hukuamini, uliniacha peke yangu na uongo wa baba mdogo. Nichagulie moja."

Angwenyi alisogea hatua moja. "Nichagulie wewe adhabu yoyote. Nitasema mbele ya wazee wote. Nitamleta Mzee Mogire hapa kesho, nitapiga magoti mbele ya baba yako na Mogaka."

"Leo ni rahisi. Leo maua si kitu." Sauti yake ilianza kukatika, akaishika. "Nilikutazama, Angwenyi. Uliniona nikikutazama?"

"Nilikuona."

"Basi."

Nyanchera aliona mikono yake mwenyewe inapindapinda ncha ya leso. Alitamani amwone akikataa kuondoka. Alitamani aketi pale ardhini, aseme hataki kwenda, apigiwe kelele na majirani, mvua imnyeshee. Kama angefanya hivyo, huenda moyo wake ungelegea kabla ya giza. Lakini mdomoni alisema kitu kingine.

"Nenda. Usirudi tena hapa."

Na Angwenyi, aliyekuwa mtiifu siku zote, alitii. Aliinama, akaichukua baiskeli, akashuka nayo mteremko bila kuipanda. Nyanchera alisimama mpaka hakusikia tena mlio wa magurudumu. Ndipo alipokimbia mpaka kwenye lango, akashika mti wa lango kwa mikono miwili, lakini njia ilikuwa tupu.

Siku chache baadaye baba yake alimfuata jikoni. "Mwanangu, akija tena sitamkataa. Nataka ujue."

"Hatakuja, baba. Mimi ndiye niliyemwambia asije."

"Watu huambiwa, na bado huja."

"Yeye si mtu wa namna hiyo," Nyanchera alisema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kwa sababu hata baada ya yote bado alimjua vizuri hivyo.

Alirudi barazani kwenye cherehani yake. Sare za shule zikaja, magauni ya kwaya yakaja. Wanaume wawili walituma washenga, akawakataa kwa adabu. Mogaka aliomba radhi mbele ya kaka yake, akanunua hata kitambaa cha gauni kama fidia. Nyanchera alikipokea, akamshonea mama yake. Masika mawili yalipita.

Msimu wa mavuno ya wimbi mwanamke mmoja wa Birongo alimletea mpwa wake kutoka Nyamira, msichana mwenye macho makubwa na aibu nyingi. Aliitwa Nyamusi. Alikuwa ameshika kitambaa cheupe kilichofungwa kwa karatasi.

"Anaolewa," shangazi alisema kwa majivuno. "Nimemwambia, fundi mwenye mkono ni wewe tu. Mpime, mimi naenda kununua chumvi."

Nyanchera alimsimamisha juu ya kibao, akazungusha utepe kiunoni mwake. "Hongera, mdogo wangu. Bwana harusi ni wa wapi?"

"Wa Kenyenya. Anafanya kazi ofisini, Kisii. Anaitwa Angwenyi."

Utepe ulibaki kiunoni pale pale. Msichana hakuona kitu. Alikuwa akitazama kitambaa chake.

"Ni mtu mwema?" Nyanchera aliuliza, na akashangaa kusikia sauti yake imetulia.

"Mkimya sana. Mwanzoni niliogopa ukimya wake." Nyamusi alicheka kidogo. "Lakini kuna siku, dada. Nilikwenda kwenye sherehe kwa dada yake Angwenyi, mto ukafurika, nikashindwa kurudi. Asubuhi alinisindikiza nyumbani, kumbe kaka zangu wananisubiri na fimbo, wanataka kujua nililala wapi na nani. Nilimwomba Angwenyi aniache njiani, nitajitetea mwenyewe. Akakataa. Aliingia mbele yangu. Alisema, 'Aliyemwalika ni mimi. Niulizeni mimi.' Kaka yangu mkubwa akampiga mpaka shati likachanika. Hakurudi nyuma."

"Hakuogopa?"

"Aliogopa! Mikono yake ilikuwa inatetemeka, nimeiona. Nilimwuliza baadaye, mbona hukunyamaza tu? Akasema aliwahi kunyamaza mara moja, hataki tena."

"Alikuambia ilikuwa wapi?"

"Hapana. Nami sikuuliza. Uso wake ulinikataza."

Nyanchera alisoma utepe, akaandika kipimo kwa chaki mezani. Akapima bega, akapima mkono, akapiga magoti kupima urefu hadi kwenye vifundo vya miguu. Alikaa hapo chini kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika.

"Liwe refu?" aliuliza.

"Refu, tafadhali. Mpaka chini."

Nyamusi na shangazi yake walipokwenda, Bathsheba, aliyekuwa amekuja sokoni na kikapu cha ndizi, alipanda barazani. Alikuwa amesikia jina lile kutoka kwa shangazi mtu, pale dukani.

"Ungemwambia umejaa kazi," alisema polepole. "Kuna mafundi Kisii nzima."

"Mwingine atamshonea mabega yakae vibaya." Nyanchera alikuwa tayari anakikata kitambaa cheupe juu ya meza. "Amepata mume mwema, mama. Acha avae vizuri."

"Na wewe?"

Nyanchera alijaribu kuingiza uzi kwenye sindano, ukamkwepa, akauingiza tena, akauvuta. Kisha akaanza kukanyaga, na kitambaa kikaanza kupita chini ya mkono wake, kirefu, kikitaka kuanguka kwenye vumbi la baraza.

Bathsheba aliweka kikapu chini. Akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa cherehani, akalishika pindo lile jeupe kwa mikono yake miwili ili lisiguse ardhi, na akaendelea kulishika mpaka mshono ukaisha.